STI, Evolution X au Golf GTI: ipi ina kasi zaidi ukiwa Nakuru?

Msomaji wa Nakuru anauliza hivi, kwa ufupi: ameweka akiba ya kununua gari moja dogo la turbo (feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia injini hewa zaidi) lililokwisha kutumika, na amebaki na matatu ya kuchagua: Subaru Impreza WRX STI ile yenye mlango wa nyuma (GRB), Mitsubishi Lancer Evolution X, na Volkswagen Golf GTI ya kizazi cha sita. Rafiki yake mwenye STI amemwonyesha karatasi ya mashine ya daino, ile inayopima nguvu za gari, inayosema gari lake linatoa nguvu za farasi 340. Anataka kujua ipi kati ya hizo tatu ina kasi zaidi, na kama karatasi ile inatosha kumaliza ubishi.

Ndugu yangu, nianze na jibu la moja kwa moja. Kwa takwimu za kiwandani STI iko mbele, Evolution iko mgongoni mwake, na GTI ni ya tatu kwa mbali. Lakini takwimu hizo ni za gari jipya, kwenye usawa wa bahari, likinywa petroli ya Japani au Ujerumani. Wewe uko kama meta 1,850 juu ya bahari, na gari utakalonunua limepita mikono ya watu kadhaa. Ukitaka kulinganisha kwa haki, anza kwa kuuliza nini kinabaki cha takwimu zile hapo ulipo.

Tuziangalie kwanza. STI ya GRB ya soko la Japani ina injini ya EJ207, lita 2.0, nguvu za farasi 308 kwenye mizunguko 6,400 kwa dakika, na toki (nguvu ya injini ya kuzungusha) ya nyutoni-meta 422 kwenye mizunguko 4,400. Uzito wake ni kilo 1,480 hivi. Evolution X ilitoka mwaka 2007 na farasi 280, kisha ikapandishwa hadi 300. Toki yake ni ileile 422, ila inafika kwenye mizunguko 3,500. Uzito ni kilo 1,540 hivi. Golf GTI ya kizazi cha sita ina farasi 210 na toki ya 280 tu, lakini toki hiyo inapatikana kuanzia mizunguko 1,700 na haishuki hadi 5,200.

Hapo watu wengi husoma 308, 300 na 210, wakafunga kitabu. Mimi naomba usome ile mizunguko. STI na Evolution zina toki sawa kabisa kwenye karatasi, ila Evolution inakupa yote mizunguko mia tisa mapema zaidi. Ukiwa nyuma ya lori la mafuta baada ya Gilgil, gia ya nne, kilomita 60 kwa saa, injini ya STI iko chini ya mizunguko 3,000. Ukikanyaga mafuta bila kurudisha gia, utafika 100 karibu wakati uleule injini inapofikia nguvu yake kamili. Evolution itakuwa imeamka zamani. Na GTI, yenye upungufu wa karibu farasi mia moja, ilikuwa imeamka tangu mwanzo, ndiyo maana huwa inawashangaza wenye STI kwenye hali hiyo moja. Rudisha gia hadi ya tatu, na mambo yanageuka: STI inaondoka na GTI inabaki kuangalia taa zake za nyuma.

Kwa hiyo neno “kasi” lina majibu mawili hapo, na yote ni ya kweli. Ukiendesha ukiwa tayari na gia sahihi, tafuta nguvu za juu. Ukiendesha kama watu wengi waendavyo, unazungumza na abiria, mguu ukishuka pale tu nafasi inapopatikana, toki ya chini ndiyo unayoihisi.

Ipo hesabu moja ya kukusaidia kupima haya bila ushabiki. Gari la kilo 1,500, dereva akiwemo, likitoka 60 hadi 100 linahitaji nishati ya kilojuli 370 hivi. Kama magurudumu yanapokea wastani wa kilowati 150 katika safari hiyo, itachukua sekunde 2.5. Kama wastani ni kilowati 100, itachukua 3.7. Nimeacha upinzani wa upepo, ambao kwenye spidi hizo bado ni mdogo. Angalia kwamba hesabu inauliza wastani. Gari linalotoa kilowati 220 kwenye ncha moja ya mizunguko na 60 kabla ya hapo linaweza kushindwa na gari linalotoa 130 muda wote.

Sasa tuje kwenye mwinuko, maana hapa ndipo Nakuru inapotofautiana na Mombasa, na ndipo magari ya turbo yanapojipatia heshima yake katika nchi yetu ya juu.

Nakuru, presha ya hewa ni kama kilopaskali 81. Pwani ni 101. Maana yake injini isiyo na turbo inavuta takriban nne kwa tano ya hewa ambayo ingevuta Mombasa, na nguvu zake hupungua kwa kiasi hichohicho. Ukipanda kwenda Eldoret ukapita Timboroa, unavuka meta 2,700, na presha inashuka hadi kilopaskali 72 au 73. Gari la lita 2.0 lisilo na turbo hapo lina pumzi ya gari la lita 1.4. Ndiyo sababu matatu na pikapu hupanda pale zikilia gia ya pili.

Turbo inarudisha pengo hilo, lakini kwa gharama. Chukua gari linalotaka presha ya baa 2.2 ndani ya manifoldi, yaani mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini. Ufukweni turbo inaanza na baa moja ya hewa, kwa hiyo inaibana mara 2.2. Nakuru inaanza na baa 0.81, inabidi iibane mara 2.7 ili kufika palepale. Inazunguka kwa kasi kubwa zaidi, hewa inatoka ya moto zaidi, intakula (kipoza-hewa kati ya turbo na injini) inapata kazi zaidi, na kila kitu kinachelewa kidogo kwa sababu injini yenyewe, kabla turbo haijaamka, inatoa moshi kidogo wa kuizungusha.

Hilo la mwisho ndilo linaloiumiza STI kuliko wenzake. EJ207 ina mgandamizo, yaani kiasi ambacho pistoni inabana hewa ndani ya silinda, wa 8.0 kwa 1, mdogo mno. Evolution X ina 9.0, GTI ina 9.6. Injini yenye mgandamizo mdogo ikiwa kwenye hewa nyepesi huwa goigoi kabisa kabla ya presha kuja. Ukipanda STI Mombasa kisha ukapanda ileile Timboroa, utadhani mtu amefungua boneti usiku akachomoa kitu. Hakuna kilichochomolewa, umeongezewa tu ule muda wa kungoja. Baada ya hapo, mizunguko ikipita elfu nne, turbo yake kubwa bado ina akiba na gari linaruka vilevile.

GTI ina hadithi iliyopinduka. Turbo yake ni ndogo, inaamka upesi hata Nakuru, ila haina akiba. Huku juu inakaribia ukomo wa kasi yake, na kompyuta ya injini huipunguzia presha ili isijiue. Kwa hiyo GTI ya Nakuru inabaki tamu chini na katikati, kisha inapungukiwa juu ya mizunguko 5,000. Evolution inakaa katikati ya hizo mbili, na kwa maoni yangu ndiyo iliyopata uwiano mzuri zaidi kwa nyanda za juu.

Kabla sijaondoka kwenye presha, neno kuhusu geji. Geji nyingi za turbo zinazobandikwa kwenye dashibodi hupima presha iliyozidi hewa ya nje. Rafiki yako akikuonyesha baa 1.2 mjini Nakuru, ndani ya manifoldi kuna baa 2.0. Mtu wa Mombasa mwenye baa 1.2 ana 2.2. Wanasoma namba moja na hawana kitu kimoja.

Sasa ile karatasi ya farasi 340. Mashine za daino zina programu inayosahihisha matokeo ili yafanane na hali ya kawaida karibu na usawa wa bahari. Kanuni inayotumika sana, SAE J1349, inafaa kwa injini zinazovuta hewa zenyewe. Kwa presha ya Nakuru inazidisha matokeo kwa takriban 1.26. Injini ya turbo yenye kompyuta inayorudisha presha imekwisha kujisahihisha yenyewe kwa sehemu kubwa. Ukiizidishia tena, unahesabu faida ileile mara mbili. Gawa 340 kwa 1.26, unapata farasi 270. Ukweli wa gari lile unaweza kuwa kati ya hizo mbili, na naamini uko karibu zaidi na 270.

Simwiti rafiki yako mwongo, na hata fundi wa daino huenda ameacha tu programu ilivyokuja. Mwombe amrudie fundi huyo, achapishe matokeo bila masahihisho yoyote, pamoja na joto na presha ya hewa ya siku ile. Aulize pia kama namba ni ya kwenye magurudumu au imeongezwa makadirio ya kile kinachopotea kwenye giaboksi na difu. Halafu asiangalie kilele; aangalie mchoro wote kuanzia mizunguko 2,500. Na kama mnataka kulinganisha magari mawili, yapandeni yote kwenye mashine moja, siku moja. Namba ya daino ya Nairobi na namba ya daino ya Dubai haziongei lugha moja.

Mafuta nayo yana sauti yake. Japani, petroli ya daraja la juu huuzwa ikiwa na okteni (kipimo cha petroli kustahimili kugonga) karibu na 100, na STI na Evolution za soko la ndani zilipangwa kwa mafuta hayo. Petroli yetu ya kawaida iko chini ya hapo. Injini ikianza kugonga, yaani mafuta kulipuka ovyo ndani ya silinda, kompyuta huchelewesha cheche na nguvu zinashuka kimyakimya. Dereva haoni taa yoyote. Watu husema mwinuko unapunguza kugonga, na kwa injini isiyo na turbo ni kweli. Kwa turbo inayorudisha presha yote, faida hiyo imeliwa, tena hewa ni ya moto zaidi. Kama gari limechezewa programu ili kuongeza presha, uliza limepangwa kwa mafuta gani na wapi. Programu iliyonunuliwa mtandaoni, iliyotungwa Ulaya kwa petroli ya okteni 98, siitaki kwenye injini ya mtu ninayemjali.

Joto ni la mwisho katika hali ya nchi. Intakula ya STI imelala juu ya injini, chini ya ule mdomo wa boneti. Gari likienda, hewa inaingia vizuri. Likisimama kwenye foleni, joto lote la injini linapanda na kuipasha moto. Evolution na GTI zina intakula mbele, zinapona upesi zaidi. Safari Rally ilikwisha kuonyesha kwamba Subaru na Mitsubishi zote zinaweza kuvumilia vumbi na joto la Kenya: Colin McRae alishinda na Impreza mwaka 1997, Richard Burns akashinda na Mitsubishi 1998 kisha na Subaru 2000, na Tommi Mäkinen akashinda na Lancer Evolution 1996 na 2001. Ila magari yale yalifumuliwa na kukaguliwa na timu nzima ya mafundi. La kwako litalala nje ya nyumba.

Na hapa nafika kwenye jambo ambalo ningependa ulishike kuliko yote niliyosema. Kenya haipokei gari la kuagizwa lenye zaidi ya miaka minane. Evolution X iliacha kuundwa 2016, GRB iliisha 2014, Golf ya kizazi cha sita iliisha mapema zaidi. Hakuna utakayoagiza Japani ikiwa na kilomita chache na karatasi ya mnada. Utanunua kutoka kwa mtu aliye hapa, baada ya miaka mingi ya barabara zetu na ya mafundi wa kila aina. Kwa umri huo, tofauti kati ya STI moja na STI nyingine ni kubwa kuliko tofauti kati ya STI nzuri na Evolution nzuri. Huwezi tena kulinganisha modeli. Unalinganisha hili lililoegeshwa Milimani na lile lililoegeshwa Ngong Road.

Kuna mtego mmoja wa kutazama kwanza. Ukiona GRB ya otomatiki, hiyo ni A-Line. Ina injini ya lita 2.5, farasi 300 na toki ya 350 tu, na giaboksi ya gia tano. Ni gari zuri la safari, lakini si lile unalosoma kwenye takwimu za STI, na muuzaji hana haki ya kukutoza bei ya lile. Injini hiyo ya 2.5 pia inajulikana kwa udhaifu wa pistoni kupasuka pale ringi zinapokaa, hasa ikiongezwa presha bila kupangwa vizuri.

Evolution X yenye giaboksi ya SST, ya klachi mbili, inabadilisha gia haraka kuliko mkono wa mtu yeyote, lakini inachukia joto na oili kuukuu. Bila ushahidi kwamba oili na filta yake vimebadilishwa kwa wakati, ningechagua ya kawaida yenye gia tano. Kwenye Golf, sikiliza cheni ya taimingi gari likiwashwa asubuhi likiwa baridi kabisa: injini za miaka ile zilikuwa na kikaza-cheni dhaifu, na kikiachia, valvu zinakutana na pistoni. Muulize mwenyewe anaongeza oili kiasi gani kati ya sevisi, maana injini hiyo hujulikana kwa kula oili. Giaboksi yake ya DSG, ya klachi mbili na gia sita, nayo inataka oili mpya kila kilomita 60,000.

Ukishapata magari mawili au matatu unayoyapenda, yapime hivi. Fundi wako apime mgandamizo wa kila silinda, injini ikiwa ya moto. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, shukuru na uondoke. Kisha nunua kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya uchunguzi, kile kinachotuma data kwenye simu. Muombe mwenyewe aendeshe, wewe ukae pembeni na simu. Kwenye barabara tupu iliyonyooka, gia ya tatu, kutoka 60 hadi 100, mguu wote. Fanyeni upande wa kwenda na upande wa kurudi, kwa sababu macho hayaoni mteremko mdogo lakini saa inauona. Halafu rudieni mara ya tatu na ya nne bila kupumzisha gari. Andika muda, presha ya manifoldi, joto la hewa inayoingia, na namna kompyuta inavyochelewesha cheche.

Mbio ile ya kwanza haina maana sana kwangu. Kila gari ni zuri mara ya kwanza. Gari zima litarudia muda wake wa kwanza kwa tofauti ndogo mno. Likipoteza nusu sekunde kwenye mbio ya nne, kuna kitu: intakula inavuja, injini inagonga, au turbo imechoka. Hilo halitaonekana kwenye karatasi yoyote ya daino, na ndilo litakalokula akiba yako.

Sifuri hadi mia niliiacha makusudi. Inapima tairi, klachi na ujasiri wa dereva kuliko injini. STI na Evolution zinavuta kwa magurudumu yote manne, zitaiacha GTI hapo kila siku. Kiwanda chenyewe kiliipa GTI sekunde 6.9. Lakini utaondoka kwa mtindo ule mara ngapi? Kila mara utakuwa umekula sehemu ya klachi, na klachi ya STI si ya kununua kwa pesa ya mfukoni.

Uamuzi wangu, kwa barabara zako na mwinuko wako: Evolution X ya gia tano, isiyochezewa, yenye historia ya sevisi. Inaamka mapema kuliko STI, haichoki juu kama GTI, na difu yake ya nyuma inayogawa nguvu kati ya magurudumu inaifanya iingie kona kwa uhakika ambao sijauona kwenye nyingine mbili. Ukikosa Evolution ya namna hiyo, na zimebaki chache, chukua STI ya EJ207 yenye mgandamizo mzuri kwenye silinda zote, ujizoeze kurudisha gia kabla ya kupita lori. GTI ningeichagua kama gari hilihili ndilo litakalopeleka watoto shule na wewe kazini kila siku. Hutashinda ubishi wa kijiweni, lakini utatumia petroli kidogo kuliko wote mliokaa pale.

Chochote utakachochagua, tenga theluthi moja ya bajeti usiiguse siku ya kununua. Itakwenda kwenye tairi nne za daraja moja, pedi na oili mpya ya breki, oili za giaboksi na difu, plagi, na mipira yote ya presha ambayo kwa umri huu imekauka. Anza na breki. Utakuwa unashuka ukingo wa Bonde la Ufa ukiwa na gari lenye uwezo wa kufika spidi ambazo hakuna aliyezipangia kona zile.